Kurauka kwa Baiskeli: Maneno ya Masika ya Bukoba

Ukitafuta Kiswahili cha majira ya baridi ya Ulaya, kamusi nyingi zitakupa neno kipupwe. Ni neno ninalolipenda. Limebeba upepo wa kusi, shuka ya pili usiku, na bahari iliyochafuka ya Juni hadi Agosti, wakati masika yamekwisha na mtu wa Bagamoyo au Pangani anaanza kulalamikia baridi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hulitumia kwa maana hiyohiyo inapotoa mwelekeo wa miezi hiyo mitatu. Shida huanza neno linaposafiri. Lipeleke Oulu, mji wa kaskazini mwa Finland: huko baridi yenyewe ni ya Desemba hadi Februari, miezi ambayo pwani kaskazi inavuma na watu wanalala madirisha wazi. Lilete Bukoba: Juni hadi Agosti kwetu ni ekyanda, kiangazi cha Wahaya. Mvua zimepungua, barabara za udongo zimekauka, vumbi jekundu limekaa juu ya majani ya migomba. Usiku kuna ubaridi, ndiyo, lakini kwa mwenye baiskeli hakuna miezi mizuri kuliko hiyo.

Neno hili limenikaa kichwani kwa sababu ya watoto wa dada yangu. Wa kiume amehamishiwa kazi Bukoba kutoka Muleba, amepanga chumba Kashai, na anataka kwenda kazini kwa baiskeli. Wa kike anasoma Oulu, na amenunua baiskeli kuukuu ya kupitia nayo baridi yake ya kwanza. Kila mmoja yuko katika mji asioujua, kila mmoja anapanga safari ya kila siku ya miezi mibaya, na wote wawili wananiuliza mimi, kwa kuwa kazi yangu ni maneno na wao wana maswali ambayo hayajapata maneno. “Mjomba, baridi ya huku si kipupwe,” aliniambia yule wa Oulu. “Kipupwe unaendesha.”

Nimekubaliana naye. Kwa msafiri, jina la msimu lipimwe kwa kile ambacho msimu unaifanyia njia. Kwa kipimo hicho, mwezi wa Kagera unaofanana na Januari ya Oulu ni Aprili yenye mvua, wala si Julai yenye ubaridi. Joto la Bukoba halichezi sana mwaka mzima. Wastani wake unabaki kwenye nyuzi 20 na kitu. Kinachobadilika ni maji.

Na maji ni mengi. Bukoba hupata karibu milimita 2000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho miji michache ya Tanzania inakifikia, na kilele chake ni Aprili. Masika ni Machi hadi Mei. Vuli, ambayo watabiri huihesabu Oktoba hadi Desemba, huku kwetu hutangulia na kuanza Septemba. Maneno haya mawili nayo yametoka pwani, ila yamehama vizuri kuliko kipupwe, maana mvua za Kagera zina vilele viwili kama za pwani. Yasichokisema masika na vuli ni saa, na saa ndiyo inayomhusu mwendesha baiskeli.

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko Ziwa Victoria. Hewa ya nchi kavu, kutoka pande zote, huteremkia ziwani, ikakutana katikati juu ya maji yenye joto, ikapanda na kujenga mawingu ya radi. Pepo za kusini-mashariki huyasukuma mawingu hayo kuelekea magharibi, yaani kwetu. Matokeo yake ni kwamba Kisumu na Kericho, upande wa mashariki, mvua ni jambo la alasiri, na Bukoba mvua ni jambo la alfajiri na asubuhi. Mfanyakazi wa Kericho hufika kazini mkavu akaloa wakati wa kurudi. Wa Bukoba huloa kwanza, halafu ndipo siku inaanza. Wakazi wa mji huu hawahitaji kukumbushwa asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, katikati ya vuli, ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakafariki.

Mpwa wangu alidhani mvua anaijua, kwa kuwa amekulia Muleba. Lakini mvua ya Kagera hupungua kadiri unavyoliacha ziwa na kuvuka vilima. Ukifika Karagwe imebaki karibu nusu. Ndani ya Muleba kwenyewe, kijiji cha pembeni mwa maji na kijiji cha upande wa magharibi havipati mvua moja. Yeye ametoka upande wa magharibi. Kilomita 70 hivi za lami, kupitia Muhutwe, Kemondo na Rwamishenye, zimemleta katika mji ambao neno mvua ni lilelile lakini tabia yake ni nyingine.

Hapa ndipo nilipokumbuka maneno mawili ya pwani ambayo siku hizi yamelala. Kamusi za zamani hueleza kwamba umande, mbali na yale matone ya kwenye majani, ni upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu. Na kwa kuwa katika pwani yetu nchi kavu iko magharibi, umande ukawa pia jina la upepo wa magharibi. Matlai ni upepo wa asubuhi unaotoka mashariki, jua linakochomoza. Mabaharia waliyahitaji maneno haya kwa pepo ndogo za kila siku, kando ya zile kubwa, kusi na kaskazi, zinazotawala msimu mzima. Sasa tazama Bukoba ilivyokaa: maji mashariki, nchi kavu magharibi, sawasawa na Bagamoyo. Umande na matlai yanaweza kupanda treni hadi Mwanza na meli hadi hapa, na yakishuka yasibadilishwe maana hata kidogo. Anayetoka nyumbani Kashai gizani akasikia hewa tulivu ikishuka kutoka vilimani, huo ni umande, na bado ana muda. Umande ukikatika ghafla, ukaja upepo wa baridi kutoka ziwani, mvua imeshafika majini na inakuja. Ningefurahi sana kumsikia mtangazaji wa redio ya hapa akisema “umande utaendelea hadi saa mbili,” na msikilizaji akajua kwamba anaweza kuondoka bila koti.

Lugha ya utabiri wa sasa ni ya adabu na ya tahadhari: mawingu kiasi, mvua na ngurumo katika maeneo machache, na vipindi vya jua. Sentensi hiyo huwa inahudumia mikoa sita kwa pamoja, Kagera, Mwanza, Geita, Mara, Simiyu na Shinyanga, na kwa mkulima anayepanga kupanda maharage inamtosha. Kwa anayerauka, maeneo machache ni mengi mno.

Nimelitumia neno kurauka makusudi. Kiswahili hakina neno moja la safari ya kila siku ya kwenda kazini na kurudi. Tunasema naenda kazini, natoka kazini, na mambo yanaeleweka. Lakini tunalo kurauka, kuondoka mapema alfajiri, ambalo wazee bado wanalitumia kwa mkulima na mvuvi. Linabeba saa, linabeba nia, na linabeba giza. Sioni kwa nini tusiseme mrauko wa baiskeli kwa kile anachokipanga mpwa wangu. Mtu atasema neno hilo linaacha nje safari ya kurudi. Kweli, na kwa Bukoba si hasara kubwa, maana jioni ya masika mara nyingi anga imekwisha kutulia. Kazi yote ngumu iko asubuhi.

Giza lenyewe lina hesabu yake. Tanzania inafuata saa ya longitudo ya 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Bukoba iko karibu na longitudo 31.8. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 53 hivi. Dar es Salaam iko nyuma kwa dakika 23 tu. Mwezi Februari jua la Bukoba huchomoza saa moja ikiwa imeshapita. Aprili huchomoza kama dakika kumi kabla ya saa moja. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, saa inarudi nyuma kwa saa nzima na mambo yanakaa karibu na jua. Saa ya Kiswahili, ambayo fahari yake ni kuanza kuhesabu na mapambazuko, hapa kwetu inaanza kuhesabu gizani.

Kwa hiyo maneno ya alfajiri yanapaswa kupewa kazi. Alfajiri, mapambazuko na macheo watu wengi huyachanganya, nami sioni ubaya katika mazungumzo ya kawaida. Kwa mwenye baiskeli ni hatua tatu tofauti. Alfajiri unahitaji taa ya kuonea: shimo, jiwe, mbuzi aliyelala barabarani. Wakati wa mapambazuko macho yako yanatosha, lakini dereva wa lori aliyekesha njiani hakuoni, na hapo unahitaji taa ya kuonekana. Macheo yakifika, zima taa. Kuonea na kuonekana: mzizi mmoja, viambishi viwili, na tofauti yote kati ya taa nyeupe ya mbele na taa nyekundu ya nyuma imekwisha kuelezwa. Lugha chache zingeweza kufanya hivyo bila kutunga neno jipya. Huko Oulu, ambako mwishoni mwa Desemba jua hukaa juu ya upeo kwa takriban saa tatu na nusu tu, binti wa dada yangu anaishi kwa taa zote mbili kutwa.

Tukirudi kwenye mvua, utajiri wetu mkubwa uko katika vitenzi. Mvua inatanda kabla haijaanza, inanyunya, inanyesha, inapusa, inakatika, inaanuka. Kupusa na kuanuka nayahesabu kuwa ya thamani kuliko yote. Mvua ikipusa, imepungua au imetulia na inaweza kurejea. Mvua ikianuka, anga imefunguka. Kuanuka ni ndugu wa kuanua, kutoa vitu juani kabla havijaloa, kama tunavyoanua kahawa uani wingu linapotokea, na familia nzima ya kuanika na kuanua inajulikana katika kila nyumba ya Bukoba na Muleba. Anayepanga mrauko wa masika anapaswa kujiuliza kila asubuhi swali moja: imepusa au imeanuka? Ikiwa imepusa, subiri barazani na kikombe cha kahawa. Ikiwa imeanuka, toka, lakini ujue kwamba chini hakujaanuka.

Chini ndiko mambo yanakoharibika. Wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, hugawa barabara zake katika lami, changarawe na udongo. Mgawanyo huu ni wa mhandisi na unamfaa mhandisi. Mwendesha baiskeli anahitaji mgawanyo mwingine juu yake: je, udongo huu ukiloa unanata au unateleza? Udongo unaonata hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Udongo unaoteleza hukuacha uende, halafu unakuangusha kwenye kona. Vilevile lami: mvua ya kwanza baada ya siku nyingi kavu ni ya hatari kuliko ya saa mbili mfululizo, kwa sababu vumbi na mafuta ya magari huelea juu ya maji kabla hayajaoshwa. Mafundi na vijana wa bodaboda wote wanaijua hali hiyo. Nimesikia wakisema tu “lami imelowa kidogo,” na katika kinywa chao kidogo hilo ni onyo.

Nina ombi moja kuhusu vitenzi vya kuanguka. Tunasema kuteleza kwa kila kitu. Kiswahili kina kuserereka pia, kuteleza kwa kuburuzika, kwa mwendo unaoendelea. Gurudumu la mbele likiteleza, umeshaanguka kabla hujafikiri. Gurudumu la nyuma likiserereka, una nafasi: legeza breki, nyoosha usukani, litarudi. Mwalimu wa baiskeli akiyatenganisha maneno haya mawili, amemfundisha mwanafunzi mambo mawili tofauti ya kufanya.

Wahaya wana maneno ya ardhi ambayo mtu anayepanga njia hapaswi kuyaacha kwa sababu tu anaandika kwa Kiswahili. Kibanja ni shamba la nyumbani, migomba na mibuni chini ya kivuli kimoja. Rweya ni mbuga ya nyasi iliyo wazi kati ya kijiji na kijiji. Njia inayopita kibanjani haipati jua. Tope la juzi bado liko pale, limefunikwa na majani ya migomba yaliyooza, na jani bichi la mgomba chini ya tairi ni utelezi mtupu. Njia ya rweya hukauka upesi, lakini hapo uko peke yako chini ya anga, na eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi sana duniani. Kwa hiyo ngurumo zikisikika, pita kibanjani hata kama kuna tope. Zikiwa kimya, pita rweya. Ukisema shamba na mbuga, maana ipo, ila uamuzi umepotea.

Oulu ina maneno yake ya ardhi, na hapa Kiswahili kinatakiwa kufanya kazi mpya. Mji huo unajulikana kwa watu wake kuendesha baiskeli hata nyuzi zikishuka chini ya sifuri kwa makumi. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa waendesha baiskeli wa majira ya baridi ulifanyika huko mwaka 2013. Tunayo theluji, tunayo barafu, na kamusi zinatunza sakitu na jalidi kwa umande ulioganda. Lakini theluji iliyoanza kuyeyuka barabarani, maji na barafu vikiwa vimechanganyika, Wafini huiita loska. Nilimpendekezea mpwa wangu wa Oulu theluji ya rojorojo, na akasema ndivyo hasa inavyoonekana na ndivyo hasa inavyomwagikia viatu. Barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami, lugha kadhaa za Ulaya huiita nyeusi. Tusiige. Barafu hiyo haina rangi yoyote. Weusi ni wa lami iliyo chini yake. Barafu kioo ingetosha, na anayeisikia kwa mara ya kwanza atajua kwamba hataiona.

Halafu kuna matairi. Huko huuzwa matairi yaliyopachikwa vipande vidogo vya chuma ili yashike barafu. Ukimwambia mtu wa Kashai kuhusu tairi la misumari atakuuliza umepata pancha ngapi. Neno lipo tayari: njumu. Zamani njumu zilikuwa vipande vya madini vya kutilia nakshi kwenye mbao, kisha zikawa viatu vya mpira vyenye meno chini, na kila kijana aliyewahi kusimama pembeni mwa uwanja wa Kaitaba anajua njumu zinafanya nini kwenye majani yaliyoloa. Tairi la njumu. Nimelitamka kwa watu kadhaa bila maelezo na hakuna aliyeuliza maana. Neno kipilefti, kwa upande mwingine, lisipelekwe Finland kabisa. Limebeba amri ya kushika kushoto ndani ya tumbo lake, na huko magari hushika kulia. Mgeni akiifuata amri hiyo kwenye mzunguko wa Oulu atakutana na basi uso kwa uso. Kule na tuseme mzunguko.

Maneno ya baiskeli yenyewe nayakabidhi kwa mafundi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limetutungia istilahi nyingi nzuri za sheria, sayansi na utawala. Baiskeli haikusubiri. Ilikuja na vipande vyake na mafundi wakavibatiza chini ya mti: fremu, foku, rimu, spoki, pedeli, cheni, friwili, keria, madigadi. Ng’ambo ya Mutukula, Waganda walichukua gari letu, ambalo nasi tulilipata kutoka India, wakaiita baiskeli eggaali, na treni ikawa eggaali y’omukka. Bodaboda ilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ikiwa baiskeli ya kuvusha abiria, na leo Bukoba ukitamka neno hilo hakuna anayefikiria baiskeli. Shinyanga na Kahama baiskeli ya abiria imeitwa daladala. Maneno haya yanahama kwa kasi, na yanapohama hayaombi ruhusa.

Wapo wanaoona aibu kwa madigadi, eti ni Kiingereza kilichovunjika. Mimi naona neno lililopikwa likaiva: silabi zote zimefunguka, ngeli limepata, na mtoto wa miaka sita analitamka sawasawa. Zaidi ya hayo, kwa safari ya masika madigadi ndicho kifaa cha kwanza. Mpwa wangu alikuja na baiskeli ya kisasa ya gia, nyepesi, haina madigadi hata moja. Fundi mmoja wa Kashai aliizunguka, akaigusa tairi ya nyuma, akamwambia, “Kijana wangu, hii ni ya kiangazi. Ukitaka kufika kazini na shati hilo, tufunge madigadi mbili na kipande cha mpira chini ya ile ya mbele.” Akamfungia, na kipande kilikatwa kwenye tairi kuukuu. Fundi huyo huyo alimwambia apunguze upepo kidogo njia ikiwa imeloa, tairi litandaze ulimi wake chini. Upepo katika tairi! Tunajaza upepo, tairi linaisha upepo, na upepo ni uleule unaotoka ziwani. Wahandisi wangesema hewa. Nashukuru kwamba hatukuwasikiliza.

Cheni nayo ina somo lake. Oili chafu ya gereji ni bure na hupatikana kila mahali, ndiyo maana wengi huipaka. Ikichanganyika na udongo mwekundu inageuka tupa, inakula meno ya friwili kimya kimya. Paka oili safi, kidogo, na ufute inayozidi.

Breki zinahitaji sentensi chache zaidi, kwa sababu hapo watu huumia. Baiskeli za mizigo tulizozizoea zina rimu za chuma na breki za mpira. Zikiwa kavu zinashika. Zikiloa hazishiki, au zinachelewa kushika, na mwendo wa kusimama unakuwa mrefu mara kadhaa. Mafundi husema breki zinakunywa maji. Ukiteremka kutoka Rwamishenye kuja mjini asubuhi ya Aprili, kamata breki kidogo kidogo mapema ili mpira ufute maji kwenye rimu kabla hujahitaji kusimama. Usingoje mpaka uwaone watu wakivuka.

Mji mgeni hupangwa kwa kuuliza, na namna ya kuuliza ni ya maneno pia. Neno la serikali kwa barabara nzuri ni inapitika. Barabara hii inapitika mwaka mzima, tunaambiwa, na kwa lori ni kweli. Inapitika haina mtendaji. Haisemi ni nani anayepita. Barabara inayopitika kwa lori yaweza kuwa imeachia baiskeli ukingo wa nusu mita, kati ya lami iliyomegeka na mtaro uliojaa maji. Kwa hiyo nilimshauri mpwa wangu asiulize kama njia inapitika. Aende kijiweni, asalimie kwanza, aseme yeye ni mgeni katoka Muleba, halafu aulize: mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita wapi? Swali hilo kila mwenyeji ana jibu lake, na jibu linatoka na mikono, linaonyesha Mto Kanoni unapofurikia, kalavati lililoziba, na kona ambayo mchanga hubaki juu ya lami maji yakishakauka. Akapite huko siku ya Jumapili, kavu, taratibu. Kisha apite tena siku ya mvua kwa miguu.

Neno la mwisho katika mpango wake ni kukokota. Kiswahili kinatofautisha vizuri kuendesha baiskeli na kukokota baiskeli, na katika Kagera kukokota hakuna aibu yoyote. Watu wanaoleta mikungu ya ndizi sokoni hukokota karibu njia nzima: kupanda wakisukuma, kushuka wakivuta nyuma kwa uzito wa mwili, mkungu mmoja kila upande na mwingine juu ya keria. Hawajashindwa kuendesha, baiskeli kwao imekuwa chombo cha kubeba, na hiyo ni kazi kamili. Nilimwomba mpwa wangu achore njia yake kwenye karatasi na aandike kwa kila kipande neno moja, kuendesha au kukokota, kwa siku kavu na kwa siku ya mvua. Kwa siku kavu ameandika kuendesha mwanzo hadi mwisho. Kwa siku ya mvua ameweka kukokota mara mbili: kwenye kijia cha udongo kinachotoka kwake hadi lami, na kwenye daraja dogo ambalo mwenyeji alimwambia maji hupita juu yake. Vipande hivyo vinamwongezea dakika kumi na mbili, kwa hiyo siku za Aprili inabidi arauke saa kumi na mbili kasorobo, taa zote mbili zikiwaka.